Kalibu ya Risasi na Kipimo Kilichosahauliwa

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili)

Kiswahili chetu kina neno moja linalobeba vitu viwili. Ukisema "risasi," mmoja atafikiria bunduki. Mwingine, hasa mvuvi au fundi wa betri, atafikiria yale madini ya kijivu, laini na mazito kuliko ukubwa wake. Wote wawili hawakukosea. Neno hilo limetoka kwa Waarabu, na kwanza lilikuwa jina la madini; kile kitokacho kwenye mtutu kilipewa jina la kitu kilichokitengeneza. Hata "kalibu," chombo cha kumiminia madini yakapata umbo, ni neno la Kiarabu. Wataalamu wa maneno wanatuambia kwamba neno hilohilo lilipita Ulaya na kurudi kwetu kama "kaliba," yaani upana wa tundu la bunduki.

Leo nitazungumza juu ya kalibu moja, na juu ya mtu aliyeichagua kwa uangalifu ambao sijapata kuuona mahali pengine. Nitazungumza pia juu ya kitu kimoja ambacho mtu huyo hakukipima.

Mwaka 2019 nilikwenda Marekani kwa mafunzo ya utangazaji ya wiki sita. Wenyeji wetu walinipangia kukaa na familia moja katika mji mdogo wa jimbo la Ohio. Palikuwa na mzee mstaafu, mkewe, binti yao, na mjukuu wa kiume wa miaka miwili. Mzee alikuwa amefanya kazi ya ufundi mitambo maisha yake yote, na starehe yake ilikuwa kulenga shabaha. Hakuwinda mnyama wala ndege. Alikaa mezani, akaegemeza bunduki yake ya kaliba ndogo, akatoboa matundu kwenye karatasi iliyowekwa mita 100 mbele yake. Furaha yake ilikuwa matundu matano yaingiliane yaonekane kama tundu moja.

Huko Marekani wako watu wengi wa namna hiyo, na baadhi yao hawanunui risasi dukani. Wanazisubu wenyewe, yaani wanayeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu. Wanasema ni rahisi kwa mfuko, na mtu anapata kitu kinachoifaa bunduki yake hasa.

Nilipofika, mzee alikuwa na mwezi wa tatu akichagua kalibu ya kuchongewa. Mwezi wa tatu! Nilimwuliza kwa nini asinunue iliyo tayari dukani. Akanionyesha aliyonunua kwa haraka miaka miwili kabla. Ilitoa risasi nyembamba kidogo kuliko tundu la mtutu wake. Moto wa baruti ulipenya pembeni, ukaiyeyusha risasi na kuipaka ndani ya mtutu kama masizi ya chungu. Kila alipopiga mara kumi, alilazimika kusugua nusu saa.

Safari hii alianza na mtutu. Alichukua kipande cha risasi laini, akakisukuma taratibu kutoka mwanzo wa mtutu hadi mwisho, kikatoka kikiwa na alama za mifuo yote ya ndani. Akakipima kwa maikromita: inchi 0.224. Kwa hiyo kalibu ilitakiwa kutoa risasi ya inchi 0.225, kubwa kwa sehemu moja ya elfu ya inchi, ili ijae na kuziba. Ndugu msikilizaji, karatasi ya gazeti ina unene wa kama sehemu tatu za elfu za inchi. Mzee alikuwa anahangaikia theluthi moja ya unene huo.

Baada ya hapo alihesabu mzunguko. Ndani ya mtutu wa raifo mna mifuo inayojipinda ili risasi izunguke hewani kama pia. Mifuo ya bunduki yake ilikamilisha mzunguko mmoja kwa kila inchi 14. Risasi ndefu huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi. Angechagua kalibu ya risasi ndefu kwa sababu inapendeza kwenye picha, ingeyumba hewani na kuipiga karatasi kwa ubavu. Akachagua fupi.

Likaja suala la kalibu yenyewe: iwe ya alumini, chuma au shaba nyeupe? Risasi ya kaliba ndogo ina gramu tatu hivi, pungufu ya kijiko cha chai cha sukari. Madini machache namna hiyo hayana joto la kuipasha kalibu nzito. Kalibu ikipoa, risasi hutoka na makunyanzi. Alumini ni nyepesi na hupata moto upesi. Shaba nyeupe hudumu na hutunza joto, lakini ni nzito mkononi. Alibishana na nafsi yake wiki nzima, akaamua alumini yenye matundu manne, maana matundu manne hupokea joto mara nne kwa kila mmimino.

Mwisho, mchongaji alitaka kujua atamimina mchanganyiko gani, kwa sababu kila mchanganyiko husinyaa kwa kiasi chake unapopoa. Hapo mzee akanifungulia sanduku, nami nikacheka. Ndani mlikuwa na vipande vya herufi za kuchapia magazeti ya zamani! Kabla ya kompyuta, magazeti yalichapwa kwa herufi zilizosubiwa kwa madini: risasi asilimia 84, antimoni 12 ya kuyapa ugumu, na bati 4 ya kuyafanya yajaze vizuri kila pembe ya kalibu. Mitambo hiyo ilipotupwa, wapenda shabaha wa Marekani wakaikimbilia. Maneno ya waandishi wa jana yamekuwa risasi za leo.

Nilimwuliza mzee kwa nini ajitese hivyo kwa kitu kidogo kiasi kile. Akanijibu kwamba kosa dogo katika kitu kikubwa husameheka. Kiputo cha hewa ndani ya risasi ya gramu 30 ni kitu kidogo. Kiputo hichohicho ndani ya risasi ya gramu tatu ni kosa kubwa mara kumi. Jibu hilo nililiandika kwenye daftari langu, nikasema nitakuja kuwaambia wasikilizaji wangu. Sikujua kwamba wiki hiyohiyo nitaliona kwa sura nyingine.

Binti yake alimpeleka mtoto kliniki. Huko, watoto wengi wa mwaka mmoja na miwili hupimwa damu ili ijulikane kama ina madini ya risasi, kwa sababu ziko nyumba nyingi za kale zilizopakwa rangi yenye madini hayo kabla hayajapigwa marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978. Majibu yakaja: maikrogramu 11 kwa desilita moja ya damu. Wakati ule kiwango cha kushtukia kilikuwa 5. Tangu mwaka 2021 Wamarekani wamekishusha hadi 3.5. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama.

Wataalamu wa afya walikuja nyumbani. Nyumba ilikuwa mpya, rangi haikuwa na neno. Ndipo wakaomba kuona banda la mzee.

Banda lilikuwa safi kwa macho. Lakini risasi haihitaji kuonekana. Inayeyuka kwa nyuzi joto 327 tu, na hatari kubwa ya msubuji wa nyumbani ni vumbi la taka anazoengua juu ya chungu. Vumbi hilo lilikuwa kwenye viatu alivyoingia navyo sebuleni. Lilikuwa kwenye aproni iliyofuliwa pamoja na nguo za mtoto. Lilikuwa kwenye mikono iliyombeba. Mtoto anatambaa, anashika, anatia kidole mdomoni. Na mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mwili wa mtu mzima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni ile mezani hakuna aliyezungumza. Hatimaye mzee akasema, "Mtutu niliupima mara tano. Mtoto sikumpima hata mara moja."

Ndugu msikilizaji, usiseme hayo ni mambo ya Wamarekani na bunduki zao. Hapa pwani wako wasubuji wengi, ila sisi hatusubu za bunduki. Tunasubu chubwi za nyavu na mishipi. Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda ufukweni, nikamkuta kijana amevunja betri kuukuu ya gari, anayeyusha mabamba yake ndani ya sufuria, juu ya mafiga matatu. Kalibu yake ilikuwa shimo la mchangani. Watoto walikuwa wamechutama kuzunguka moto kama wanaosubiri ngano ya bibi.

"Kaka, hii sufuria ni ya kazi hii tu?" nilimwuliza.

"Ya nyumbani, kaka. Nikimaliza inasuguliwa mchanga, inarudi jikoni."

Alinijibu kwa unyofu kabisa. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Wenzetu wa Mombasa waliambiwa, lakini kwa gharama. Katika kijiji cha Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, aliuguliwa na mtoto wake mchanga. Vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Alipigania haki ya wanakijiji, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufaa ikaitengua amri hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Zimetumika karatasi nyingi za mawakili, lakini risasi iliyokwisha kukaa katika mifupa haijui hukumu. Hukaa humo miaka mingi, na akili ya mtoto iliyodumazwa hairudishwi na fidia.

Basi nawaomba wasubuji wetu mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Sufuria ya risasi isirudi jikoni kamwe. Betri isivunjwe uani. Moto uwe mbali na nyumba, nawe ukae upepo unakotoka. Watoto na mama wajawazito wasisogee. Nawa kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara, vua viatu na nguo za kazi nje, zifue peke yake. Vumbi lifutwe kwa kitambaa cha maji. Usilifagie likiwa kavu.

Mzee wa Ohio aliniandikia baadaye. Kalibu yake ilifika, na risasi zake zikajaa mtutu kama alivyokusudia. Lakini banda alikuwa amelihamishia mwisho wa shamba, lina nguo zake na bomba lake la maji, na mjukuu hafiki huko. Damu ya mtoto ilipimwa kila baada ya miezi michache, na namba ilikuwa inashuka.

Yule kijana wa ufukweni nilimnunulia sufuria ya pili. Nilipopita mara ya mwisho ilikuwa imening'inizwa mtini, mbali na nyumba, imeandikwa kwa rangi nyekundu: YA CHUBWI. Watoto walikuwa wanacheza mpira upande wa pili.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.