Kokwa Lililong'olewa

Somo: Luka 13:6–9

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hukitupa mtaroni bila kukitazama mara ya pili, nacho ni kokwa la parachichi.

Ukipita Soko la Toi, kule ukingoni mwa Kibera karibu na Barabara ya Ngong, utaona mitumba ya kila namna: makoti, viatu, mashuka. Katikati ya hayo yote yuko mama na beseni la maparachichi, anamkatia mteja tunda kwa kisu, anatia chumvi kidogo. Kokwa laanguka chini, lakanyagwa. Wazee wa Kinubi hutuambia kwamba jina la Kibera latokana na neno la lugha yao lenye maana ya msitu. Siku hizi paa za mabati zimebanana huko kuliko miti. Hata hivyo nimeona kwa macho yangu, kando ya lundo la takataka, kokwa limepasuka katikati na kutoa shina jekundu. Hakuna aliyelipanda.

Katika soko hilo yuko mjane mmoja auzaye nguo za watoto. Anakaa Kawangware, naye ni wa ushirika wetu. Mwaka 2017 nilimtembelea nyumbani, miezi michache baada ya kumzika mumewe. Mlangoni palikuwa na mkebe wa rangi uliotobolewa chini, na ndani yake mche wa parachichi uliofika magotini. Sasa, mimi nimesoma kidogo. Chuoni, pamoja na Kiyunani, tulifundishwa pia kulima, nami nilijua kwamba parachichi la kokwa halifuati mama yake. Waweza kupanda kokwa la tunda tamu ukavuna tunda la majimaji lenye nyuzi, tena baada ya kungoja miaka mitano, kumi, hata zaidi. Nikamwambia, "Mama, huu hauna faida. Ung'oe, siku moja utanunua mche uliopandikizwa." Akasema, "Sawa, Pasta." Tukaomba, nikanywa chai, nikaenda zangu.

Machi 2019 moto uliteketeza vibanda vingi pale Toi. Soko hilo limeonja moto zaidi ya mara moja; Januari 2008 pia liliteketea, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi. Kibanda cha mama huyu kikawa majivu. Nilikwenda na unga na blanketi, nikaketi naye. Hakulia. Baada ya kimya kirefu aliniuliza, "Pasta, wakumbuka ule mche?"

Nikasema nakumbuka.

"Kokwa lile lilikuwa la tunda la mwisho alilokula mzee hospitalini. Niliung'oa kwa sababu ni wewe uliyesema."

Ndugu zangu, sikuwa na neno. Nilichomwambia juu ya maparachichi kilikuwa kweli. Lakini sikuwa nimeuliza kokwa lile limetoka wapi.

Tena hata habari yenyewe niliijua nusu tu. Baadaye bwana shamba mmoja alinieleza kwamba mche wa kokwa ndio mzizi wa ule mti mzuri tunaoununua. Mche ukifikia unene wa penseli, hukatwa kichwa na kupasuliwa kidogo. Kijiti kilichotoka kwenye mti uliojulikana kwa matunda mema huchongwa na kuingizwa humo, kisha hufungwa kwa utepe wa plastiki. Vikishikana, mti waweza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mtume Paulo anazungumza juu ya kazi hiyo katika Warumi 11, ila yeye ameigeuza: tawi la mzeituni mwitu latiwa katika mzeituni mwema, naye mwenyewe akiri kwamba jambo hilo ni kinyume cha asili. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi, na sikuwahi kushika kisu cha kupandikizia.

Na liko jambo jingine. Wengi wenu mwaijua Hass, parachichi lile ambalo ganda lake lina vipele na hugeuka jeusi likiiva, ambalo wakulima wetu wa Kenya huliuza ng'ambo kwa wingi. Jina hilo ni la Rudolph Hass, mpeleka barua wa posta huko California, Marekani. Katika miaka ya 1920 alipanda makokwa akikusudia kuyapandikiza kwa aina iliyosifiwa wakati ule, iitwayo Fuerte. Mche mmoja ulikataa. Kila kijiti walichotia hakikushika. Alifikiri kuukata, akashauriwa auache ukue. Watoto wake walipoonja matunda wakayapenda kuliko yale mengine. Mwaka 1935 aliandikishiwa haki ya mti huo. Hass zote duniani, hata zile za Murang'a, ni vijiti vilivyotokana na mche ule mmoja, wala hakuna awezaye kusema kwa hakika kokwa lake lilitoka kwenye tunda la aina gani. Nami nilikuwa nimemwambia mjane kwamba mti wa kokwa hauna faida!

Wako watakaosema, "Pasta, mimi ni mpangaji, sina hata hatua moja ya ardhi." Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia watu waliohamishwa mpaka Babeli, nchi isiyokuwa yao, akawaambia wapande bustani na kula matunda yake. Tena ndoo hubebwa. Chukua kokwa likiwa bichi, usiliache likauke. Lioshe, lifukie kwenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, upande uliochongoka ukitazama juu, na ncha yake ionekane kidogo. Toboa chombo chini, kwa maana maji yakituama mizizi huoza. Kisha ngoja, kokwa laweza kukaa wiki nyingi kabla ya kupasuka, na wengi hulifukua kulitazama wakaliharibu. Mwenye haraka na apande mbegu za matunda damu au karakara, ambazo hazimchoshi mtu kwa miaka.

Katika somo letu mwenye shamba ana haki kabisa. Miaka mitatu amekuja kutafuta tini, hakupata. Mtunzaji hamjibu kwamba mti ni mwema. Anaomba mwaka mmoja tu, na anataja kazi atakayoifanya: atapalilia pande zote, atatia samadi. Yesu hatuambii mwaka uliofuata ulikuwaje.

Mama yule nilimwomba msamaha siku ile ile, nikiwa nimeketi juu ya debe, naye akanisamehe. Kibanda alikijenga tena. Sasa ana ndoo tatu mlangoni pake. Mche mmoja ulipandikizwa Hass, ameupeleka mashambani kwa kaka yake, na umeanza kutoa maua. Wa pili ulikufa. Wa tatu bwana shamba alitaka kuupandikiza, mama akakataa. Anasema anataka kuona utazaa nini wenyewe. Nilipofika juzi aliniuliza nina maoni gani juu yake. Nilimwambia sina, nikamchotea maji.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulivyosema upesi katika nyumba za wenye huzuni. Uwalinde wauzao Toi na moto, na mche ulio Kawangware uupe mvua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.