Maneno ya Barazani: Sleji za Nchi ya Theluji



Mara iliyopita mmoja wenu alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu kwa haraka: katika nchi ambayo ardhi yote imefunikwa na theluji, wala gurudumu halizunguki, wala mpagazi hafiki mbali, watu huchukuaje vyakula na vyombo vyao? Leo twataka kulijibu.

Chombo chao ni sleji, yaani gari lisilo na magurudumu. Ni mbao mbili ndefu zilizosimama kwa ubavu, sambamba, na juu yake mataruma yamekingamishwa. Mizigo hufungwa juu ya mataruma, na mbwa huvuta. Wainuit, wakaao kaskazini mwa Kanada, huiita qamutiik. Katika sleji yao ya asili hamna msumari hata mmoja. Kila taruma hufungwa kwa ukanda wa ngozi ya sili, kama vile mtepe wa Lamu ulivyoshonwa kwa kamba za makumbi. Na sababu ni hiyo hiyo: chombo cha kamba hujipinda kidogo kinapopigwa, kisha hurudi. Barafu ya bahari si sakafu. Ina matuta na nyufa, na sleji iliyokazwa kwa misumari hupasuka upesi.

Lakini nchi ile haina miti. Mtu aliyeokota ubao ulioletwa na bahari alikuwa tajiri. Wanetsilik, ambao ni kabila moja la Wainuit, walipokosa mbao walifanya jambo ambalo sisi tulipolisikia tulidhani ni mzaha. Walipanga samaki mstari mmoja, kichwa kwa mkia, wakawaviringisha ndani ya ngozi ya sili iliyolowa, wakaviacha vigande kwa baridi. Navyo vikawa vigumu kama gogo. Hizo ndizo mbao za sleji yao wakati wote wa baridi. Joto liliporudi waliifungua sleji, samaki wakaliwa, na ngozi wakazitumia kwa kazi nyingine.

Tena kuna jambo la kutelezea. Mtu asidhani ya kuwa theluji huteleza siku zote. Baridi ikizidi sana huwa kama mchanga mkavu, na chuma au ubao mtupu hukwama. Kwa hiyo wazee wa kule walikanda udongo wa kinamasi, wakaupaka chini ya mbao hata ukaganda, wakausawazisha. Kisha mtu hutia maji kinywani, huyatemea juu ya udongo, na kuyasugua upesi kwa kipande cha ngozi ya dubu, mpaka utando mwembamba wa barafu ukae juu yake. Barafu juu ya theluji huteleza vizuri, na mzigo mzito huenda kwa mbwa wachache.

Elimu hii iliwafaa wageni waliokubali kufundishwa. Roald Amundsen, mtu wa Norway, alikaa na Wanetsilik miaka miwili, toka 1903 hata 1905. Machi 1904 alijaribu kusafiri kwa sleji, baridi ikamshinda, akarudi. Ndipo alipokaa chini ya wenyeji kama mwanafunzi: akajifunza mavazi ya ngozi, na kuendesha mbwa, na kupaka barafu chini ya sleji. Alipokwenda Ncha ya Kusini sleji zake zilikuwa za mtindo wa kwao Norway, walakini fundi wake Olav Bjaaland alizipiga randa wakati wa baridi hata uzito wake ukapungua chini ya theluthi ya ule wa kwanza. Walifika watu 5, tarehe 14 Desemba 1911, wakarudi wote wazima.

Robert Scott, Mwingereza, alikuwa na farasi wadogo, na sleji za mota zilizoharibika njiani, na mbwa ambao hakuwaamini sana. Mwisho watu wenyewe walijifunga kamba wakavuta. Walipoanza kupanda mlima wa barafu kila mmoja alivuta karibu kilo 90. Walifika watu 5, tarehe 17 Januari 1912, wakakuta hema la Wanorway limesimama. Katika kurudi walikufa wote. Watatu wa mwisho walikuwa hemani, kama kilomita 20 tu kutoka akiba ya chakula, na juu ya sleji yao kulikuwa na kilo 16 za mawe ya elimu waliyokataa kuyatupa. Hatusemi ya kuwa sleji peke yake iliwaua; mafuta yalikuwa yamevuja makoponi, na baridi ya Machi ilikuwa kali mno. Lakini mtu avutaye mwenyewe hula nguvu zake kila hatua, na chakula walichopimiwa hakikutosha kuzirudisha.

Huko kwa Wainuit, tangu miaka ya 1960 mashine zimeshika mahali pa mbwa kwa safari nyingi. Sleji yenyewe haikuondoka. Huvutwa nyuma ya mashine, na chini yake mara nyingi hupigwa plastiki badala ya udongo. Mataruma yangali yakifungwa kwa kamba, ingawa sasa ni za nailoni.

Hayo ndiyo tuliyoyapata, na mwenye swali jingine na asimame aulize.