Binti Anahukumiwa, Baba Anafutwa: Familia, Tamaa ya Makuu na Ubaguzi wa Kijamii katika Tamthilia na Riwaya Tunazofundisha

Mada ya semina ya walimu wa fasihi, Muhumba, Bukavu



Nimeombwa nizungumze juu ya familia, tamaa ya makuu na ubaguzi wa kijamii katika vitabu vya shuleni. Kwenye istilahi sitakawia. Familia mnaijua: ni ukoo, wakwe, mali ya ndoa, na wazee wanaokaa kikao kabla binti hajaulizwa. Tamaa ya makuu ni hamu ya cheo, mali au jina inayomfanya mtu akubali mwingine aumie ili yeye apande. Ubaguzi wa kijamii ni kumpima mtu kwa kabila, kwa kazi ya baba yake, kwa jinsia au kwa mtaa anakolala, kabla hajafungua kinywa. Hapa Muhumba mfano hauko mbali. Mji huu ulipoitwa Costermansville, Wazungu walijipangia makazi huku Ibanda, kandokando ya ziwa, na Mwafrika akawekwa Kadutu, baadaye Bagira. Mtoto wa Kadutu anayesoma huku chini bado anajua anavyotazamwa akitaja anakokaa.

Ninaloomba kulisema kwa kirefu ni jambo moja, ambalo nimepambana nalo miaka mingi darasani na wakati wa kusahihisha. Vitabu hivi tunavifundisha kwa rezime, yaani mihtasari, na rezime zenyewe zinamhukumu aliye mdogo na kumfuta aliye mkubwa. Ninasema kama mwalimu. Simsemei mkaguzi wala shule yoyote.

Chukueni *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Katika fotokopi zinazopita mikononi mwa wanafunzi, riwaya nzima imekuwa hivi: Rosa alikuwa msichana mwema, akaenda shule, akaharibika, akafa, wasichana wajitunze. Sasa fungueni kitabu chenyewe. Rosa akiwa bado nyumbani Ukerewe, baba yake Zakaria, mlevi anayempiga mkewe Regina, anagundua kwamba binti ameandikiwa barua na kijana Charles, naye anampiga vibaya. Msichana anajifunza kuwaogopa wanaume kabla hajawajua. Akifika mbali na nyumbani, hana hata mtu mmoja aliyewahi kuzungumza naye juu ya uhuru alioupata, na wenye vyeo wanaomtumia wanaendelea na vyeo vyao. Mwishoni Charles yuleyule wa barua ndiye anayemkataa. Ukimwondoa Zakaria, ukawaondoa wakubwa hao, ukamwondoa na Charles, anabaki msichana peke yake na kosa lake. Hivyo ndivyo wanafunzi wetu wanavyomkuta.

Tanzania ilikipiga marufuku kitabu hicho shuleni, kisha baadaye kikaingia katika vitabu vya kusomwa. Kitabu kilichopigwa marufuku, mtu anaweza kuwa na hamu ya kukitafuta. Kilichopewa rezime potofu hakitafutwi tena, kwa sababu kila mmoja anadhani amekwisha kukisoma.

*Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, imepata shida hiyohiyo. Bwana Maksuudi ana mali na heshima mbele za watu. Ndani ya nyumba anamfungia binti yake Maimuna kama mfungwa, na mkewe Tamima anamfukuza kwa talaka. Maimuna anatoroka, anaangukia mikono mibaya mjini. Nimesoma majibu mengi ya mtihani yanayoeleza kuanguka kwa Maimuna hatua kwa hatua, kwa mwandiko mzuri, bila jina la Maksuudi kutajwa.

Nisieleweke kwamba natafuta wanaume wa kulaumu. Katika riwaya ya Mariama Bâ, iliyotoka 1979 kwa Kifaransa na kutafsiriwa kwa Kiswahili kama *Barua Ndefu Kama Hii*, wanaoshika hatamu za tamaa ni akina mama. Mama wa Mawdo, mwenye damu ya kifalme, hawezi kuvumilia mkwe aliye binti wa sonara. Analea mpwa wake na kumwandaa miaka mingi ili aje kuwa mke wa pili wa Mawdo. Mama wa Binetou anataka kutoka katika umaskini, na binti anaachishwa shule na kuozwa kwa mtu wa umri wa baba yake, baba wa rafiki yake. Rezime inasema Binetou alipenda pesa. Kitabu kinaonyesha nani aliyezitaka, na nani aliyelipa.

Hata kwenye *Makbeth*, aliyotutafsiria Samuel Mushi mwaka 1968, wanafunzi hujibu haraka kwamba mke ndiye aliyemharibu mume. Shakespeare hakuandika hivyo. Makbeth anaanza kuwaza mauaji mara tu anaposikia utabiri wa wachawi, kabla mkewe hajaonekana jukwaani. Na anapopanga kumuua mwenzake Banquo, anamficha mkewe mpango huo. Ni kweli mke anamchochea amuue mfalme, na lazima tulifundishe hilo. Lakini darasa linalomwachia mwanamke mzigo wote halijasoma mchezo. Limesoma mazoea ya mtaani.

Kwa nini nasisitiza? Tuko Bukavu. Katika mji huu iko Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, na wote tunajua ni majeraha gani ya wanawake yaliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Katika madarasa yetu wapo wasichana waliotendewa uovu na kisha wakakataliwa na familia zao wenyewe. Msichana huyo akimsikia mwalimu akimaliza *Rosa Mistika* kwa kusema "wasichana wajitunze", anasikia hukumu yake ikisomwa mbele ya wenzake. Mwalimu hakukusudia. Lakini anayeumia ni yule aliyekwisha kuumia.

Sababu za rezime nazielewa. Vitabu vinatoka Dar es Salaam au Nairobi, njia ni ndefu, na hali ya mji wetu kila mmoja anaijua. Mzazi anayelipa minervali, yaani karo, kwa shida hatanunua riwaya. Mwalimu ana madarasa mengi na mshahara usiotosha. Egzeta nayo, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa maswali yake ya kuchagua jibu, imewazoesha wanafunzi kwamba jibu ni fupi na ni moja. Hayo yote ni kweli, na hayaondoi wajibu wetu.

Kuhusu mapendekezo: Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazikubali lugha za taifa kama lugha za kufundishia na kama somo, kwa hiyo kusoma vitabu vya Kiswahili si kuvunja programu. Naomba kila shule inunue walau nakala moja ya kitabu kizima, mwalimu asome kwa sauti, wanafunzi wanakili kurasa zenye uzito. Ukurasa wa barua ya Charles usikosekane.

Naomba pia maswali ya mtihani yabadilike. Badala ya "Rosa alikosea wapi?" tuulize: nani alijua, nani alinufaika, nani alinyamaza? Mwanafunzi hawezi kuyajibu hayo kwa rezime.

Tamthilia zichezwe, na vipande vya riwaya viigizwe, hata kama ni onyesho moja darasani bila mavazi. Wavulana wapewe nafasi ya akina Maksuudi na watetee maneno yao mbele ya wenzao. Wazazi waalikwe: baba akimwona Maksuudi kwa macho yake, sisi walimu tunapunguziwa kazi.

*Rosa Mistika* isifundishwe madarasa ya chini, na hata ya juu mwalimu azungumze kwanza na prefe wa shule na wazazi. Tahadhari hii si woga. Ukurasa wa kipigo na ukurasa wa kifo zinahitaji mwalimu aliyejiandaa, anayejua nani ameketi mbele yake.

Wanaofundishwa ualimu pale ISP, chuo chetu cha ualimu, wafanye mazoezi ya kufundisha kwa kitabu kizima, ili wasianze kazi wakiwa na fotokopi mfukoni. Wakaguzi, mkitembelea shule, ombeni kuona kitabu kabla ya kuomba kuona daftari la matayarisho.

Narudia lile la kwanza kwa sababu mengine yote yanalitegemea: tusimfundishe binti bila baba, wala Binetou bila mama yake. Naomba semina isifungwe kabla kila shule haijataja kitabu kimoja itakachokisoma chote mwaka huu, pamoja na jina la mwalimu atakayekisimamia. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa katibu.