Hasira Haihesabiwi Kituoni: Tunayoweza Kujifunza kwa Wahafidhina wa Mashinani Marekani

(Hii ni hotuba niliyotoa kwa viongozi wa vijana wa wadi katika mafunzo ya chama. Wengi waliiomba kwa maandishi, kwa hivyo naiweka hapa karibu vile nilivyoisema.)

  

Nilipotaja mada yangu, nimewasikia wengine wakinong'ona huko nyuma: "Wahafidhina wa Marekani? Hao wa bunduki na Trump? Wametuhusu nini?" Ni swali zuri. Mimi si mhafidhina wa Marekani, na mengi wanayoyataka siyaungi mkono. Lakini siasa si ibada, makomredi. Mtu unaweza kumpinga na bado ukamsoma. Hawa watu walianza na hasira ile ile tuliyo nayo sisi: ushuru, deni la serikali, na wakubwa walioko mbali wanaoamua maisha yako bila kukuuliza. Wao hasira yao waliigeuza kuwa viti. Sisi yetu tuliigeuza kuwa nini?

Kwanza tuelewe wanaamini nini, tusiwasome kwa vichekesho vya mitandaoni.

Mhafidhina wa mashinani kule, mkulima wa Kansas au fundi bomba wa Ohio, ana mambo manne hivi. La kwanza, serikali inakusanya nyingi na kutumia kupita kipato, na deni watalipa watoto wake. La pili, mamlaka yakae karibu naye. Marekani ina majimbo 50, kila jimbo na gavana wake, bunge lake na mahakama zake, na Badiliko la Kumi la katiba yao, la mwaka 1791, linasema mamlaka ambayo serikali ya taifa haikupewa ni ya majimbo au ya wananchi. La tatu, familia na imani: utoaji mimba, na nani anaamua mtoto afundishwe nini shuleni. La nne, bunduki na mpaka. Unaweza kukataa yote manne, lakini hayo ndiyo wanayoongea wakitoka kanisani.

Hapo kwa majimbo, ndugu zangu wazee waliopo hapa wanatabasamu, kwa sababu neno hilo kwetu lina historia. Mwaka 1963 tulipata uhuru na katiba ya majimbo iliyopiganiwa na KADU. Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe, ikaingia KANU, na majimbo yakazikwa pamoja nayo. Ilituchukua mpaka katiba ya 2010 kupata ugatuzi na kaunti 47. Shikeni hiyo hadithi ya KADU, nitairudia.

Sasa, wanafanyaje kazi? Nitawapa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni California, 1978. Thamani ya nyumba ilipanda na kodi ya majengo ikapanda nayo, mpaka wastaafu wakaogopa kupoteza nyumba walizomaliza kulipia. Wanasiasa walikuwa wakiahidi tu. Mzee mmoja, Howard Jarvis, na wenzake walizunguka na makaratasi wakakusanya saini zaidi ya milioni 1, na swali likapelekwa kwa wapiga kura moja kwa moja. Tarehe 6 Juni 1978 karibu theluthi mbili wakasema ndiyo. Kodi ya nyumba ikafungwa kwa asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa. Wapo wanaosema hatua hiyo iliumiza shule za umma, na wana hoja. Ninachotaka mwone ni kwamba hasira iliandikwa kwa karatasi, ikatiwa saini, ikawa sheria.

Mfano wa pili ni mama mmoja wa Illinois, Phyllis Schlafly, mama wa watoto sita. Mwaka 1972 bunge la taifa lilipitisha badiliko la katiba kuhusu usawa wa kijinsia, vyama vyote viwili vikiliunga mkono. Lilihitaji majimbo 38. Kila mtu alidhani limepita. Schlafly hakubishana na Washington. Alikwenda kwa mabunge ya majimbo, jimbo baada ya jimbo, na akina mama wake waliwapelekea wabunge mikate waliyooka wenyewe. Badiliko lilifika majimbo 35, likakwama hapo, na mwaka 1982 muda wake ukaisha. Mimi ningekuwa upande wa pili wa vita hivyo. Lakini upande wa pili ulikuwa na marais, magazeti na wasanii, na bado ukashindwa, kwa sababu yeye alijua mwakilishi gani wa jimbo gani anayumba.

Mfano wa tatu ni Tea Party. Mwaka 2008 benki kubwa zilianguka na serikali ikatenga dola bilioni 700 kuziokoa. Februari 2009 ikaongeza mpango mwingine wa kuinua uchumi wa dola bilioni 787. Watu wakauliza: sisi tukishindwa kulipa mkopo wa nyumba, nani anatuokoa? Aprili 15, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, wakaandamana katika miji mingi. Tusidanganyane, pesa za matajiri ziliingia pia; shirika la ndugu Koch lilikuwa humo. Lakini angalieni walichofanya baada ya kuandamana. Walirudi mitaani wakajaza nafasi za chini kabisa za chama cha Republican, zile ambazo hakuna aliyezitaka, na wakaingia kwenye mchujo. Novemba 2010 chama hicho kikaongeza viti 63 katika Bunge la Wawakilishi, na mamia ya viti katika mabunge ya majimbo. Na kwa kuwa sensa ilikuwa 2010, walioshinda majimboni ndio waliochora mipaka ya maeneo bunge kwa miaka kumi iliyofuata. Mnaona hiyo hesabu?

Na hawakuwaogopa wakubwa wao. Juni 2014, Eric Cantor, kiongozi wa walio wengi bungeni, alishindwa kwenye mchujo wa chama chake Virginia na mwalimu wa uchumi wa chuo, Dave Brat, aliyekuwa na pesa kidogo mno ukimlinganisha naye.

Sasa turudi nyumbani. Juni 2024 vijana wa nchi hii walijaza barabara kupinga Mswada wa Fedha. Bila chama, bila kabila, bila mtu wa kuwalipa nauli. Tarehe 25 waliuawa wenzetu kwa risasi. Tarehe 26 Rais akatangaza hatatia saini. Tulishinda, si ndiyo? Halafu tukarudi nyumbani. Desemba mwaka huo huo sheria nyingine ya marekebisho ya ushuru ikapitishwa, na baadhi ya yale tuliyoyakataa yakarudi kupitia mlango wa nyuma. Leo mwenye payslipu anakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya nyumba kabla hajanunua unga. Damu ilimwagika, na wabunge waliopitisha Desemba ni wale wale wa Juni.

Sisemi maandamano ni bure. Katiba inayalinda katika kifungu cha 37, na bila yale ya Juni tungekuwa pabaya zaidi. Nasema hasira haihesabiwi kituoni. Kituoni zinahesabiwa kura, na Fomu 34A inataka ajenti aliyekaa macho hadi mwisho.

Hesabu ndogo, kaeni na simu zenu mfanye nami. Mwaka 2022 tofauti ya urais kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 233,211. Vituo vilikuwa 46,229. Gawanya. Ni kura tano kwa kila kituo! Watu watano, hao wanaenea kwa benchi moja ya stendi ya bodaboda. Na zaidi ya wapiga kura milioni 7 waliosajiliwa hawakutokea siku hiyo. Wengi wao ni rika letu, nyinyi mnawajua kwa majina.

Lakini nisiwauzie Marekani kama paradiso. Hao wahafidhina wa mashinani wana somo lingine, na hili ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu linaweza kutupata sisi.

Walisema wanapinga deni. Mwanzoni mwa 2009 deni la taifa lao lilikuwa kama dola trilioni 10.6. Sasa limepita trilioni 36, na limekua chini ya marais wa vyama vyote viwili. Julai 2025 wabunge wa chama chao walipitisha sheria kubwa ya kodi na matumizi ambayo ofisi ya bajeti ya bunge lao ilikadiria itaongeza nakisi kwa trilioni 3.4 katika miaka kumi. Wachache kama Thomas Massie wa Kentucky walipiga kura ya hapana, na Massie akaandamwa na Rais wa chama chake mwenyewe. Walisema wanataka mamlaka ya majimbo. Juni 2025 Rais alichukua wanajeshi wa akiba wa California akawapeleka Los Angeles bila ridhaa ya gavana, na wengi waliokuwa wakiimba Badiliko la Kumi wakapiga makofi, kwa sababu gavana ni wa upande ule mwingine.

Na wanapodhani wanawasema watu wote, wananchi huwakumbusha. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilirudisha suala la utoaji mimba kwa majimbo, jambo walilolipigania miaka 49. Wiki chache baadaye Kansas, jimbo la kihafidhina kabisa, likapiga kura kuhusu kuondoa ulinzi huo katika katiba ya jimbo. Karibu asilimia 59 walikataa. Ukiomba uamuzi urudi mashinani, kuwa tayari mashinani kukukatalia.

Mashinani wakishampenda mtu kuliko hoja, hoja inakufa wakiwa hai. KADU walihubiri majimbo, wakaalikwa mezani, wakala, majimbo yakaisha. Nasi tumeona mikono ikisalimiana na serikali jumuishi zikiundwa, na kila mara kijana wa wadi ndiye anayebaki na fulana ya kampeni. Nauliza mbele ya viongozi wetu, kwa heshima zote: kesho wakubwa wetu wakiitwa mezani, msimamo wetu juu ya ushuru utabaki wapi?

Kwa hivyo nina maombi matatu, na ninayatamka katibu mkuu akiwa hapa ili asiseme hakusikia.

Moja, chama kikatae tiketi za moja kwa moja. Mchujo uwe wa kweli katika wadi zote 1,450 tutakazosimamisha mtu. Kama mkubwa hawezi kushindwa kwenye mchujo, basi hakuna mchujo.

Mbili, kila kiongozi wa vijana aliye hapa aingie bunge la kaunti yake. Kifungu cha 196 kinasema bunge hilo liendeshe shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Bajeti ya kaunti inasomwa viti vikiwa vitupu. Sisi tunapigania Nairobi huku dawa za zahanati zinaamuliwa kilomita kumi kutoka kwetu.

Tatu, msimamo wetu juu ya ushuru na deni uandikwe, utiwe saini na kila mgombea, na ubandikwe ofisi ya chama ya wadi. Akibadilika akifika bungeni, mama mboga awe na karatasi ya kumwonyesha.

Jumamosi hii nataka orodha: kituo kimoja, majina ya watu watano wasio na kadi ya kura au waliokaa nyumbani 2022, na nani atawafuata. Msinitumie picha za selfi. Nitumieni majina, na namba ya kituo.