Atomu Juu ya Mkeka

Leo twasema nanyi, wanafunzi wa kisomo wa Mtae, huko ukingoni mwa milima ya Usambara. Tandikeni mkeka mmoja. Leteni mahindi, maharage, ulezi kidogo, na nyuzi mbili ndefu. Kwa vitu hivyo tutajifunza habari za atomu.

Pengine utauliza: "Mimi mtu mzima, nimejua kusoma juzi tu. Atomu zanihusu nini?" Zakuhusu ikiwa una mtoto au mjukuu katika shule ya sekondari. Huko kemia hufundishwa kwa Kiingereza, na watoto wengi hukariri maneno bila kukiona kitu chenyewe akilini. Ukimwonyesha nyumbani, kwa Kiswahili au Kisambaa, utamsaidia sana.

Haya, tuanze. Tazama kipande cha mkaa. Sehemu yake kubwa ni kaboni. Chembe ndogo kabisa ambayo bado ni kaboni huitwa atomu.

Weka katikati ya mkeka punje 6 za mahindi. Hizo ni protoni. Changanya nazo maharage 6. Hayo ni nyutroni. Fungu hilo ndilo kiini cha atomu. Sasa zungusha uzi mmoja karibu na kiini, na wa pili mbali kidogo. Juu ya uzi wa ndani weka punje 2 za ulezi, na juu ya uzi wa nje punje 4. Hizo ni elektroni. Kumbuka shamba la matuta ya ngazi mlimani: mtu hupanda katika tuta hili au lile, hapandi hewani katikati ya matuta. Elektroni nazo zina ngazi zake.

Protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi, nyutroni haina chaji. Hapa protoni ni 6 na elektroni ni 6, basi zimelingana.

Sasa ongeza hindi moja, haragwe moja, na punje moja ya ulezi kwenye uzi wa nje. Je, bado ni kaboni? La! Sasa ni nitrojeni, iliyo nyingi katika hewa tuvutayo. Ongeza tena vivyo hivyo, utapata oksijeni. Kwa hiyo hesabu ya mahindi ndiyo itoayo jina. Ukiongeza haragwe peke yake, jina halibadiliki. Uzito tu huzidi.

Watu walijuaje kwamba kiini kipo? Mwaka 1909, huko Manchester, Uingereza, Geiger na Marsden, waliofanya kazi na mtaalamu Ernest Rutherford, walirusha chembe ndogo sana kwenye bamba jembamba la dhahabu. Karibu zote zilipenya, lakini chache zilirudi nyuma. Ninyi wa milimani mwaujua ukungu. Ukirusha jiwe ndani ya ukungu, nalo likakurudia, utajua kuna mwamba humo. Mwaka 1911 Rutherford alieleza kwamba katikati ya atomu kuna kiini kidogo chenye karibu uzito wote.

Lakini angalieni, mkeka hausemi kweli yote. Kwanza, umbali. Chukua atomu ya haidrojeni, yenye protoni 1 na elektroni 1. Kama protoni ingekuwa punje ya hindi, elektroni ingekuwa mbali kiasi cha mita 250. Mwache mtoto aweke hindi mlangoni, kisha atembee hatua kubwa 250. Hapo ataona jinsi atomu ilivyo tupu. Pili, uzito. Protoni moja ina uzito wa elektroni zipatazo 1,836, hata ulezi ni mzito mno. Tatu, elektroni haitulii juu ya uzi. Twaweza kusema tu mahali inapoelekea kupatikana zaidi.

Basi ukimaliza kupanga, muulize mtoto: "Mkeka huu umekosea wapi?" Akijibu vema, ameelewa. Akirudia majina tu, mpangeni tena pamoja.

Maswali ya darasani:
1. Atomu yenye protoni 8 ni ya kitu gani?
2. Ukiongeza nyutroni moja katika kaboni, ni nini kitakachobadilika?
3. Kwa nini chembe nyingi zilipenya bamba la dhahabu?

Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.