Jina la Marehemu Sokoni



Tumeombwa kusema mintarafu biashara ya vitu vya kumbukumbu: kanga, fulana, kalenda na bidhaa za makampuni zinazotiwa jina au picha ya marehemu, mnunuzi akiambiwa kwamba sehemu ya bei ni msaada kwa maskini. Twasema ni halali, lakini kwa masharti.

Tutazame kisa kinachojulikana. Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, alifariki Paris tarehe 31 Agosti 1997. Mwezi uliofuata ukaanzishwa mfuko wa hisani kwa jina lake. Wimbo wa maombolezo wa Elton John, ambao mapato yake yalielekezwa katika mfuko huo, uliuzwa nakala zaidi ya milioni 30. Kampuni ya Ty ya Marekani ikatoa dubu mdogo wa kuchezea, wa rangi ya zambarau, faida iende huko huko. Walanguzi nao wakamuuza dubu huyo kwa bei iliyopita mbali ile ya dukani, na ziada hiyo ikabaki mifukoni mwao. Mwaka 1998 sahihi ya marehemu ikaonekana juu ya vikopo vya siagi ya Flora. Wengi walichukizwa, nasi twawaelewa. Hapo aliyesaidiwa zaidi ni nani, mhitaji au siagi?

Tusiwe wadhalimu. Mfuko ule, hadi ulipofungwa mwaka 2012, ulitumia zaidi ya pauni milioni 100 kwa kazi za huruma, na sehemu yake ilifika huku kwetu Afrika, kuwatuliza maumivu wagonjwa wasio na tumaini la kupona.

Lakini mwaka 1998 uliishtaki kampuni ya Franklin Mint ya Marekani, iliyouza wanasesere na sahani zenye sura ya Diana bila idhini. Ulishindwa mahakamani mwaka 2000. Kampuni nayo ikaushtaki mfuko, na mwaka 2003 misaada ikasimamishwa hata pande mbili zikapatana mwaka 2004. Wakubwa waligombea jina la marehemu. Waliosubiri mlangoni walikuwa maskini.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, yaagiza kwamba sadaka iliyotolewa na waamini kwa lengo maalumu itumike kwa lengo hilo tu. Basi mama anunuapo doti ya kanga akiamini kwamba anamsomesha yatima, fedha ile si mapato ya kawaida ya duka. Ana haki ya kujua ni shilingi ngapi zitamfikia yatima. Maneno "sehemu ya mapato" hayatoshi: hata senti moja ni sehemu.

Kampuni ikija parokiani na sabuni au soda yake, ikiomba picha ya marehemu, tukumbuke kwamba inapata pia tangazo, tena mahali ambapo watu wanaona haya kukataa. Mjane asiombwe idhini siku za matanga, machozi yakiwa hayajakauka. Kiasi kiandikwe kwenye bidhaa yenyewe, na hesabu zisomwe mbele ya waamini. Nao wenye kampuni wakijibu kwamba hesabu ni siri ya biashara, wauze sabuni yao bila picha ya marehemu wetu.