Cheti kwanza, mitungi baadaye
(Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanamemba, Uvira)



Tangu turudi toka makambi ya Kigoma, vijana wetu wanatafuta kazi, na wengine maji wanayajua vizuri. Sasa watu wanakuja kuwaita: mashua imezama, nyavu zimefunga propela, nguzo ya gati iangaliwe. Mfadhili mmoja ametuuliza kama atununulie mitungi ya hewa na kompresa. Tumemjibu: aksanti sana, lakini si sasa. Tueleze sababu.

Kujua kuogelea ni kitu kimoja, kufanya kazi chini ya maji ni kingine. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanakugandamiza zaidi, na hewa unayopumua inaingia kwa wingi ndani ya damu. Ukipanda mbio, inatoka kama povu la soda iliyofunguliwa ghafula. Inaumiza viungo, inapoozesha miguu, inaua. Na kompresa ya kujazia mipira ya gari si ya kupumulia; inaweza kuleta moshi na mafuta ndani ya mapafu.

Hapa kwetu iko shida nyingine. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari. Hesabu za kupanda zilizofanywa kwa ajili ya bahari lazima zirekebishwe huku. Na mgonjwa tutampeleka wapi? Wote tutasema Bukavu. Lakini barabara ya Ngomo inapanda mamia ya mita, na kule juu lile povu linazidi kuvimba. Vilevile, aliyezamia asubuhi asipande Itombwe mangaribi.

Ndiyo maana kuna vyeti. Kadi ya mzamiaji mtalii inamruhusu kutazama samaki, mwisho mita 40. Haimruhusu kukata chuma wala kufunga kamba chini ya meli. Ufaransa, cheti cha kazi kinagawanywa kwa kina: mita 12, mita 30, mita 50, halafu zaidi ya hapo. Daktari anapima masikio, mapafu na moyo. Na mzamiaji haendi peke yake: juu kuna msimamizi, mshika kamba, na mwenzake aliyevaa tayari kumfuata.

Mnakumbuka Likoni, Mombasa. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilitumbukia toka kivuko, ndani mama na mtoto wake. Lilikuwa mita 58 chini, na lilitolewa tarehe 11 Oktoba, wakati jeshi la majini lenyewe lilikuwa pale. Sasa kijana wetu, peke yake, na mtungi wa kuazima?

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wazazi na vijana: mtu akiwaita kuzamia na mtungi, hata akitoa dolari mkononi, mwulizeni nani msimamizi, nani daktari, hewa inatoka wapi. Asipojibu, mkatae, na mlete habari kwa komite.

Wafadhili: zile feza za mitungi, zilipe kwanza daktari na masomo ya vijana wachache, kwenye shule ya wazamiaji wa kazi inayotambuliwa. Wakirudi na vyeti, wao wenyewe watatuambia vyombo gani vinunuliwe. Njia hii ni ndefu, tunajua, na njaa haingoji. Lakini hatukurudi nyumbani kuzika watoto.